Kuku wa Malai katika Chungu cha Chuma

Kuku jike aliyekwisha kuacha kutaga humtia mama wa nyumbani katika mashaka. Kumlisha ni hasara, kumwuza hakuleti bei, na nyama yake ni ngumu. Akipikwa katika sufuria nyepesi juu ya moto mkali, maji hukauka kabla nyama haijalainika, mchuzi hushika chini, na makaa ya siku mbili huteketea katika mlo mmoja. Watoto hukaa wakingojea, na baba aliyekesha lindoni hulala kabla ya kula.

Hata hivyo, kuku huyo huyo akipikwa polepole nje ya nyumba katika chungu kizito cha chuma, kisha akatiwa malai, huwa chakula cha kumkaribishia mgeni wa heshima. Siri ya upishi huo ni tatu: chungu kizito, moto mdogo, na mfuniko usiofunuliwa mara kwa mara. La nne si siri bali ni amri, nayo ni kwamba moto wa makaa hauingii chumbani, hata mvua inyeshe namna gani.

CHUNGU CHENYEWE

Chungu kinachofaa ni kile cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa hata kikawa kama uji, kikamiminwa katika kalibu ya mchanga na kuachwa kipoe. Wahunzi wa Bunyoro, ambao majembe yao yalisifiwa sana katika nchi za Maziwa Makuu, walikifua chuma kwa nyundo. Chungu hiki hakifuliwi. Mnamo mwaka 1707 Mwingereza Abraham Darby alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na kazi hiyo ikawezesha vyungu kutengenezwa kwa gharama ndogo kuliko vile vya shaba nyeupe au nyekundu. Kusini mwa Afrika watu wangali wanapika nje kwa vyungu vya namna hii vyenye miguu mitatu, ambavyo husimama juu ya makaa bila ya kuhitaji mafiga.

Chuma cha kusubu hupitisha moto polepole kuliko alumini ya sufuria za kawaida. Tofauti yake ni kiasi cha mara nne. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya unene wake, chungu hukawia kupata moto. Lakini kikishaupata hukawia vile vile kuuacha. Sufuria ya alumini ikiepuliwa, mchuzi huacha kutokota papo hapo. Chungu cha chuma kikiepuliwa, mchuzi huendelea kutokota kwa muda ingawa chini yake hapana kaa hata moja. Tabia hiyo ndiyo inayomsaidia mwenye makaa machache, na ndiyo itakayomwokoa mpishi mvua itakapomkuta uani.

Mfuniko nao una kazi yake. Ulio mzito huzuia mvuke usitoroke, hata maji kidogo yakatosha kwa saa nyingi. Ulio bapa na wenye ukingo huweza kubeba makaa juu yake, ili chakula kipate moto juu na chini. Jambo hili si geni. Wapishi wa pwani ya Kenya na Tanzania hupalia makaa juu ya mfuniko wa pilau tangu zamani, nao hujua kwamba chakula kilichopaliwa hakihitaji kukorogwa.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Kwa watu wanane, vitu hivi hutosha:

Kuku jike 1 aliyekomaa, mwenye uzito wa kilo 2 hivi.
Malai kikombe 1.
Samli au siagi vijiko 3 vya kulia.
Unga wa ngano vijiko 3 vya kulia.
Vitunguu maji 3 vikubwa, na punje 4 za vitunguu saumu.
Karoti 4.
Viazi ulaya kilo 1.
Uyoga uliokatwa, vikombe 2, ukipatikana sokoni kwa mtu anayeaminika.
Maji lita 1, chumvi, pilipili manga, na fungu dogo la majani ya giligilani.

Malai hutayarishwa usiku wa kuamkia siku ya kupika. Maziwa ya ng'ombe lita 3 yachemshwe hadi yaumuke, yaepuliwe, yafunikwe na kuwekwa mahali pa baridi hadi asubuhi. Mafuta ya maziwa hupanda juu. Hayo yaenguliwe kwa kijiko taratibu bila ya kutikisa chombo. Maziwa ya ng'ombe wa Ankole yana mafuta mengi, nayo hutoa malai mazito. Maziwa yanayobaki yafaa kwa chai na uji wa watu wazima na watoto wakubwa, lakini mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe hayo, kwani yeye huhitaji maziwa yenye mafuta yake yote.

Mahali ambapo maziwa ni shida, kikombe cha tui zito la nazi hufaa. Njugu zilizosagwa, ambazo kila soko la Uganda linazo, hufaa pia; ila njugu zenye ukungu au uchungu zitupwe, kwa kuwa ukungu wake una sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

NAMNA YA KUPIKA

Moto uwashwe nje, mbali na mlango na madirisha, mahali ambapo upepo haupeperushi cheche. Makaa yaachwe yashike sawasawa ndipo chungu kiinjikwe. Chungu kipate moto taratibu kwa muda wa dakika 10 kabla ya kutiwa kitu, kwa maana chuma cha kusubu hakipendi kushtuliwa.

Kuku akatwe vipande 10 au 12, ili kila mlaji apate chake. Kisu na ubao vilivyotumika kwa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kukatia mboga. Vipande vikaushwe kwa kitambaa safi, vipakwe chumvi na pilipili manga, kisha vikaangwe katika samli vichache vichache hadi viwe na rangi ya kahawia pande zote mbili. Mpishi mwenye pupa huvijaza vyote mara moja. Matokeo yake nyama hutoa maji, ikachemka badala ya kukaangika, na mchuzi ukakosa ladha. Vilivyokwisha kukaangwa vitolewe na kuwekwa kando katika bakuli.

Katika samli iliyobaki vikaangwe vitunguu maji hadi vilainike, kisha vitunguu saumu. Unga wa ngano unyunyizwe juu yake na kukorogwa kwa dakika 2, ili usiache ladha ya ubichi. Ndipo maji ya moto yamiminwe kidogo kidogo huku mpishi akikoroga na kukwangua chini ya chungu, kwa sababu ile rangi ya kahawia iliyogandia chini ndiyo utamu wenyewe. Maji ya baridi yasitumike. Chuma cha kusubu chenye moto mwingi kikimwagiwa maji ya baridi huweza kupasuka, na chungu kilichopasuka hakina dawa.

Vipande vya kuku virudishwe pamoja na maji yaliyochuruzika katika bakuli. Mchuzi ukishaanza kutokota, chungu kifunikwe na moto upunguzwe. Makaa machache yabaki chini, na nusu ya kiasi hicho yapaliwe juu ya mfuniko. Mchuzi utokote kwa upole tu. Mpishi akisikiliza karibu na mfuniko asikie sauti ndogo kama ya mtu anayenong'ona. Akisikia kishindo cha maji yanayochemka, makaa ya chini yapunguzwe.

Kuku aliyezeeka huhitaji saa 2 hadi 2½. Kuku wa kisasa, aliyefugwa kwa ajili ya nyama, huiva kwa dakika 50, naye akiachwa saa 2 hutawanyika akawa nyuzi. Yafaa pia ikumbukwe kwamba nchi ikiinuka, maji huchemka yakiwa na moto pungufu. Mjini Kampala, ambako ni kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka katika nyuzi 96 hivi badala ya 100. Huko Kabale, karibu mita 2,000, huchemka katika nyuzi 93 au 94. Kwa hiyo familia ya askari aliyehamishwa kutoka bondeni kwenda milimani isimlaumu kuku wala jiko ikiona chakula kinakawia. Na iongeze nusu saa.

Dakika 45 kabla ya wakati wa kuepua, viazi vilivyokatwa, karoti na uyoga vitiwe. Mchuzi urudi kutokota, na mfuniko ufungwe tena. Kila mfuniko unapofunuliwa moto mwingi hupotea, na makaa ya akiba huliwa bure. Haraka haraka haina baraka, na katika upishi huu hasara ya haraka huonekana kwenye gunia la makaa.

Nyama huwa imeiva iwapo uma unaingia bila ya kusukumwa, na maji yanayotoka karibu na mfupa hayana rangi ya damu. Mwenye kipimajoto apime katikati ya paja; nyama ya kuku haifai kuliwa kabla ya kufikia nyuzi 74.

Chungu kikishaepuliwa ndipo zamu ya malai hufika. Malai hayapendi kuchemshwa kwa nguvu, hasa yakiwa mepesi, kwani hukatika yakawa mabonge na maji. Kwa hiyo upawa mmoja wa mchuzi wa moto uchanganywe na malai katika bakuli, kisha mchanganyiko huo urudishwe chunguni na kukorogwa taratibu hadi rojo liwe na rangi moja. Mwenye kupenda limau akamulie katika sahani yake. Limau au nyanya nyingi chunguni huyakata malai, tena hula mafuta yanayokilinda chuma.

MVUA IKINYESHA

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja katika kota za askari, Jumamosi alasiri. Chungu kimekaa motoni saa 2, viazi vimekwisha kutiwa, na mchuzi umerudi kutokota. Wingu jeusi linatanda kutoka upande wa ziwa, na matone ya kwanza yanaanguka juu ya mabati. Ndani ya nyumba kuna chumba kimoja cha kulala na sebule ndogo, na watoto wamekwisha kufunga madirisha.

Jirani anaita kutoka mlangoni pake, "Mwenzangu, ingiza sigiri ndani! Kuku wako atalowa!"

Mama wa nyumba anajibu, "Chungu kitaingia, dada. Moto utabaki."

Jibu hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa safi ingawa mtu anapumua. Makaa yanayodanganya watu zaidi ni yale yaliyofifia, yenye majivu meupe na yasiyotoa moshi. Watu huyadhani yamekwisha kuwa salama, wakayaweka chumbani ili wapate joto usiku, kumbe yanaendelea kuitoa sumu hiyo hadi kaa la mwisho lizimike.

Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na uchovu wa kazi au homa, mtu huamua kujilaza kidogo, na wengine hawaamki. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtoto mchanga, kwa mama mja mzito, na kwa askari kapera anayekaa chumba kimoja kilichozibwa kila upenyo kwa ajili ya mbu na baridi. Kufungua dirisha moja kidogo si kinga ya kutosha.

Mtu anayekutwa chumbani katika hali hiyo atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, na apelekwe hospitali hata kama amezinduka na kusema hajambo, kwa maana huko atapewa oksijeni. Anayeingia kumwokoa afungue milango na madirisha, asikawie ndani, naye asiwe mgonjwa wa pili.

Basi mama wa nyumba afanye nini na kuku wake? Hapo ndipo uzito wa chungu unapolipa. Kwanza, makaa yaliyo juu ya mfuniko yakung'utwe hapo hapo uani. Pili, chini ya chungu na katikati ya miguu yake pasuguliwe kwa ufagio wa zamani, ili kisibebe hata cheche moja. Tatu, chungu kiingizwe ndani mfuniko ukiwa umefungwa, kiwekwe juu ya tofali au jiwe, mbali na watoto, na baada ya dakika chache kizungushiwe magunia makavu au blanketi kuukuu. Nyama iliyokwisha kutokota kwa saa 2 haihitaji tena moto mkali. Joto lililomo katika chuma na katika mchuzi litaviivisha viazi kwa muda wa saa moja hivi. Malai nayo hutiwa baada ya kuepua, kwa hiyo hatua ya mwisho ya upishi huu haitaki moto hata kidogo.

Mvua ikimkuta mpishi mapema zaidi, nyama ingali mbichi, hila hiyo haifai. Hapo sigiri ihamishiwe barazani penye paa lakini pasipo na kuta pande zote, mbali na mlango na madirisha. Pasipokuwapo baraza kama hiyo, moto uachwe uzimike na upishi uanzwe tena mara mvua inapokatika, chungu kikirudishwa motoni hadi kitokote sawasawa. Nyama iliyoiva nusu isiachwe ikipoa kwa saa nyingi, kwani joto la uvuguvugu ndilo vijidudu vinalolipenda. Hata chakula kilichokwisha kuiva kisikae saa zaidi ya 2 baada ya kupoa. Kilichobaki kihifadhiwe mahali pa baridi, na kabla ya kuliwa kipashwe moto hadi kitoe mvuke mwingi.

KUKITUNZA CHUNGU

Chungu cha chuma kikitunzwa huweza kurithiwa na wajukuu, na kikidharauliwa huota kutu kwa usiku mmoja. Kikiwa kipya kisuguliwe, kikaushwe juu ya moto, kipakwe mafuta ya kupikia kidogo sana ndani na nje, kisha kiachwe juu ya makaa kwa saa moja. Kazi hiyo irudiwe mara 3 au 4. Mafuta huungana na chuma yakawa utando mweusi unaong'aa, ambao huzuia kutu na chakula kisigandie.

Baada ya kula, chungu kisubiriwe kipoe, kioshwe kwa maji ya vuguvugu, kikaushwe mara moja na kupakwa mafuta kidogo. Kisilowekwe usiku kucha, wala chakula kisilazwe ndani yake. Kinapowekwa akiba, mfuniko uachwe wazi kidogo ili unyevu upate kutoka.

Makaa ya uani nayo yasisahauliwe. Mvua ikikoma, majivu yamwagiwe maji hadi yasitoe mlio, kisha yakorogwe kwa kijiti na kumwagiwa tena. Mtoto anayecheza pekupeku hawezi kutambua kaa lililojificha ndani ya jivu.

Huko kotani mvua ilikatika saa 12 jioni. Chungu kilifunuliwa ndani ya nyumba isiyo na moto, na mvuke wake ukajaa sebule yote. Malai yalitiwa, majani ya giligilani yakanyunyizwa, na posho ikapakuliwa. Jirani naye aliletewa bakuli lake, akauliza kuku huyo mzee alilainishwa kwa dawa gani. Usiku ule sahani nane zilijaa, na kulipokucha watu wote wanane waliamka salama.